Kutengeneza ngazi ya nyumba: tuanzie wapi, tuishie wapi?

Himidi zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Msomaji mpendwa, safu hii imezoea mambo ya malezi, ndoa na ujirani. Wiki hii tunaomba ruhusa tuzungumzie mbao, chokaa na misumari. Hatukugeuka mafundi. Tumeona tu kuwa familia nyingi za Kiislamu hugombana, huingia madeni, na hata hudhulumiana kwa sababu ya ukarabati wa nyumba, na aghalabu hakuna aliyekusudia dhulma. Mmoja hutaka kubomoa kila kitu, mwingine hutaka kupigilia msumari mmoja akaenda zake, na baina ya hao wawili hakosekani anayetazama pembeni akisubiri mambo yajiishie. Swali la kiasi gani kinatosha huulizwa mwisho, pesa zikiwa zimekwisha. Tutalieleza kwa mfano wa nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa ndani yake tulikosea kabla ya kupatia.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya ghorofa moja, ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ni ya boriti za mikoko. Chini pana duka lililopangishwa, ghala dogo na ua wenye bomba la maji. Juu anaishi mama yetu pamoja na mjukuu wake mmoja anayesoma sekondari. Kuunganisha chini na juu ipo ngazi moja ya mbao, yenye vidato 16, iliyobanwa baina ya ukuta wa duka na ukuta tunaoshirikiana na jirani. Sisi wengine tunaishi Mwanakwerekwe na humzuru mama kila Ijumaa.

Alfajiri moja ya mwezi wa Rajab, mama alikuwa akishuka, simu mkononi ikimmulikia njia. Kidato kimoja cha chini kilivunjika chini ya mguu wake. Mguu ulizama hadi kwenye muundi, akashika ukuta, akakaa pale pale kwenye giza mpaka mjukuu alipoamka kwa ajili ya Swala. Alhamdulillahi, haukuvunjika mfupa. Ilikuwa michubuko na kifundo cha mguu kilichotetereka. Lakini umri wa mama umepindukia miaka 70, na wote tulijua kuwa lililomwepuka alfajiri ile limemwepuka kwa rehema ya Mola wake wala si kwa uangalifu wetu.

Jumapili yake tukakutana. Kaka yetu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, alishiriki kwa simu. Rai yake ilikuwa nyepesi kuisema: ngazi yote ing'olewe, ijengwe ya zege na nondo, ipambwe kwa marumaru, iwe pana na ya kupandika kwa raha. “Mama ametubeba sisi maisha yake yote,” alisema, “leo tushindwe kumjengea ngazi ya heshima?” Dada yetu aliona tofauti: mama ahamishiwe chini, kwenye lile ghala, na ngazi ibaki kama ilivyo. Mama akasikiliza wote wawili, kisha akasema: “Wanangu, mimi huko chini sihamii. Nimeolewa ndani ya chumba hiki cha juu, na dirishani pake naisikia adhana ya misikiti mitatu. Nitengenezeeni ngazi yangu nipande. Basi.”

Kwa kuwa kazi yetu msikitini ni kuandika mihutasari ya kamati, tuliyaandika maneno ya kila mmoja. Msikitini hatuidhinishi hata kubadilisha zulia bila ya fundi kukagua na gharama kuchanganuliwa kwenye karatasi. Tukaona haya kwamba nyumba ya mama ipate uangalifu mdogo kuliko zulia. Hivyo tukakubaliana jambo moja tu siku ile: asiguse mtu kitu mpaka fundi aje apime.

Fundi aliyekuja ni mzee aliyezeekea kwenye nyumba za mawe. Alikaa saa mbili, akigonga mbao kwa nyundo na kuchokoa kwa bisibisi. Alipomaliza alituonyesha mambo matatu.

La kwanza, ngazi haikuwa mbovu yote. Vidato 12 vilikuwa vizima. Kilichooza ni mhimili wa kushoto unaovibeba vidato, pale unapoegemea ukuta wa duka, pamoja na vidato vinne vya chini. Maji yalianza kuulainisha, kisha mchwa wakaukamilisha.

La pili, maji yale tuliyaleta wenyewe. Mwaka 2013, wiki mbili kabla ya harusi ya dada yetu, tuliupiga ukuta ule lipu ya saruji na rangi nyeupe ya kung'ara ili wageni wakipanda waone nyumba imependeza. Fundi alitueleza lile ambalo wazee wa mji huu walilijua: ukuta wa mawe na chokaa hupitisha unyevunyevu, unapanda kutoka ardhini na kutoka taratibu ukakauka. Ukiufunika kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Hubaki ndani, yakatafuta kitu laini cha kuingia. Kwetu kitu hicho kilikuwa mhimili wa ngazi. Pambo la siku moja ya harusi lilikuwa likiila ngazi kimya kimya kwa zaidi ya miaka kumi.

La tatu, ngazi pana ya kaka yetu haikuwa na pa kukaa. Fundi alipima akatuandikia. Urefu wa kupanda ni sentimita 368, na kila kidato kinainuka sentimita 23, nacho kina upana wa sentimita 24 tu wa kukanyagia. Kidato cha kupandika kwa raha huinuka kama sentimita 17 na kuwa na upana wa 28. Ili kufika juu kwa vipimo hivyo kunahitajika miinuko 22, na ngazi ingechukua karibu mita 5.9 za sakafu, ilhali nafasi iliyopo ni mita 3.6. Kuikunja nako hakuna upana. Maana yake ni kuvunja ukuta wa duka, kumwondoa mpangaji, na kukata boriti za dari ya juu. Zege lenyewe lina uzito ambao kuta za mawe na chokaa hazikujengwa kuubeba, na karibu na bahari nondo hupata kutu upesi zikiingiwa na chumvi.

Tena nyumba za Mji Mkongwe hazibomolewi kwa rai ya mwenye nyumba peke yake. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo ya namna hii yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Wapo wanaokiona kibali kuwa ni usumbufu. Sisi tunakumbuka Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba kongwe haichezewi.

Hapa ndipo tulipoirejea elimu tuliyoisoma chuoni, ambayo mara nyingi tumeifundisha darasani na kuisahau nyumbani. Imamu al-Ghazali katika al-Mustasfa, na baada yake Imamu ash-Shatibi katika al-Muwafaqat, waliyagawa maslahi ya waja katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana huangamia dini, nafsi, akili, kizazi au mali. Ya pili ni haja, ambayo ikikosekana mtu haangamii lakini hupata mashaka na uzito. Ya tatu ni tahsini, yaani mapambo na ukamilifu, ambayo ikikosekana maisha huendelea. Maimamu hao walikuwa wakiizungumzia sharia nzima, si ujenzi wa nyumba. Lakini mizani njema hupima vingi, na mafakihi wametuwekea kanuni mbili za kuongozana nayo: kwamba dhara huondolewa, na kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, isipunguzwe wala isizidishwe.

Tukachukua karatasi, tukaigawa safu tatu.

Katika dharura tuliandika: mhimili mpya wa kushoto, vidato vinne vya chini, dawa ya mchwa, na kuibandua lipu ya saruji ukutani na kurudishia chokaa. Hili la mwisho kaka yetu aliliona si la ngazi. Lakini ukibadilisha mbao ukaacha maji, umenunua muda tu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika haja tuliandika: kishikio imara cha mbao kuanzia chini hadi juu, kwani hakikuwapo, taa mbili zenye swichi chini na juu, na kukisawazisha kidato cha tisa, kilichokuwa kimezidi wenzake kwa sentimita tatu. Fundi alitwambia kuwa mguu wa mtu huzoea kipimo cha kidato cha kwanza na cha pili, na hujikwaa pale kipimo kinapobadilika, hata kwa kiasi kidogo.

Katika tahsini tuliandika: marumaru, nakshi, kung'arisha mbao zote zifanane rangi.

Hatusemi kuwa pambo ni haramu. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri. Lakini hao waja wa Rahmani wanaosifiwa katika Suratul Furqan, Aya ya 67, wamesifiwa kwa kuwa katikati: hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili. Na Khabbab bin al-Aratt (R.A), siku aliyokutwa akijenga ukuta, alikumbusha kuwa Muislamu hulipwa kwa kila anachokitoa isipokuwa kile anachokiweka katika udongo. Ibn Hajar ameeleza kuwa linalokusudiwa ni jengo lililozidi haja. Na tunasoma katika Hadithi ndefu ya Umar bin al-Khattab (R.A), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W) alikaa katika chumba cha juu kilichopandwa kwa gogo la mtende. Kiumbe bora alipanda na kushuka kwa gogo. Tulipolikumbuka hilo, maneno ya “ngazi ya heshima” yalipata maana nyingine masikioni mwetu.

Lililotutikisa zaidi, hata hivyo, halikuwa ngazi. Lilikuwa pesa.

Mpango mkubwa ulikadiriwa shilingi milioni 38. Kaka yetu angetoa milioni 20, milioni 8.4 tungekopa, na milioni 9.6 zingetoka katika kodi ya duka tuliyokuwa tumeiweka. Tulizoea kuiita “akiba ya nyumba”. Tulipoketi kuiandika tukajiuliza: ni akiba ya nani? Nyumba ni mirathi ya marehemu baba, na kwa uzembe wetu ilikuwa haijagawanywa. Baba alimwacha mama yetu, watoto wa kiume watatu na wa kike mmoja. Mama ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Kila mtoto wa kiume mafungu mawili. Dada yetu fungu moja. Lakini mmoja wetu, mdogo wetu, alifariki baada ya baba, akaacha mke na mayatima watatu wadogo, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wanaoishi Tanga. Mafungu yake mawili, yaani robo ya kila kilichomo, hayakufa pamoja naye.

Tukapiga hesabu. Robo ya milioni 9.6 ni milioni 2.4. Katika hizo, mama ana sudusi yake kwa mwanawe, laki nne. Mjane ana thumni, laki tatu. Zinazobaki, shilingi 1,700,000, ni mali ya mayatima. Tulikuwa karibu kuzichanganya na marumaru, tena kwa nia ya kumfanyia wema mama. Kila aliyesoma Suratun Nisaa anajua onyo la Aya ya 10 juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma: wanakula moto matumboni mwao. Mwenye kula haketi lazima mbele ya sahani. Anaweza kuwa amesimama na fundi, akichagua rangi ya jiwe.

Tulimwendea kadhi tukamweleza yote. Alituongoza hivi: kinachoihifadhi nyumba isiharibike ni maslahi ya kila mwenye fungu, akiwamo yatima, na inafaa kitolewe katika mali ya wote kwa kadiri ya mafungu yao, kikiandikwa na kusimamiwa. Kinachozidi hapo watoe watu wazima mifukoni mwao kwa ridhaa zao, na fungu la mayatima lisiguswe. Akatukemea pia kwa kuichelewesha mirathi, nasi tulistahiki.

Basi ikawa hivi. Kazi ya dharura iligharimu shilingi 2,880,000, ikalipwa kutoka kwenye kodi. Sehemu ya mayatima ilikuwa 510,000, na shilingi 1,190,000 zao zilizobaki zilitolewa kwenye akaunti yetu na kuwekwa kwa ajili yao kwa maandishi, mbele ya kadhi. Mjane naye alikabidhiwa haki yake. Kazi ya haja, shilingi 900,000, tuliilipa sisi ndugu watatu. Jirani yetu, Mungu amjazi kheri, aliruhusu mbao za muda za kushikiza ngazi zitiwe katika ukuta wa pamoja, akiikumbuka Hadithi inayomkataza jirani kumzuia mwenzake kutia mbao ukutani. Safu ya tahsini tuliipigia mstari.

Kaka yetu hakufurahi. Alinyamaza siku tatu bila kupokea simu. Nasi hatumlaumu, kwani mwenye kuwa mbali na mama yake hutamani kutuma kitu kinachoonekana.

Lakini tungali hatujafika kwenye kosa letu kubwa. Siku ya pili ya kazi, yule fundi mzee alimuuliza mama swali ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuliuliza: “Bi Mkubwa, kwani alfajiri ile ulikuwa ukishukia nini?”

Mama alijibu kama jambo dogo: “Nafuata maji ya kutawadhia. Pampu ya kupandishia maji imekufa tangu Mfungo Tatu.”

Miezi saba! Kila Ijumaa tulikuja, tukala pilau yake, tukanawa mikono kwa maji ya ndoo aliyoipandisha mjukuu wake, wala hatukuuliza. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alisema: “Mnakuja mmechoka na safari, wanangu. Nikaona nisiwasumbue.” Usiku hakutaka kumwamsha mtoto mwenye mitihani, basi akashuka mwenyewe gizani, kidato kwa kidato, kwa ajili ya Swala yake. Sisi tukakaa Jumapili nzima tukibishana zege na mbao, hali tulikuwa hatujui kwa nini mama yumo ngazini saa ile.

Tulimpigia kaka yetu kumweleza. Akapokea. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza bei ya pampu. Ilikuwa shilingi 350,000 pamoja na fundi. Akazituma siku ile ile, na hadi leo anasema katika kila alichowahi kumtumia mama, hakuna kilichompa utulivu kama hiki.

Kutokana na hayo, tunawausia wasomaji wetu walio na nyumba ya kutengeneza, iwe ngazi, paa au choo:

Kwanza, kabla ya kuuliza fundi, muulizeni anayekitumia kitu hicho: anakitumia lini, kwa ajili gani, na nini kinamtaabisha. Huenda dawa ya ngazi iko kwenye pampu.

Pili, tafuteni chanzo cha ubovu, msitibu dalili. Na msifunike ukuta wa chokaa kwa saruji kwa ajili ya kupendeza.

Tatu, gaweni kazi katika dharura, haja na pambo, kwa maandishi. Dharura isicheleweshwe, haja ifuate kwa uwezo, na pambo lisilipiwe kwa deni.

Nne, jueni mali ni ya nani. Nyumba ya mirathi isiyogawanywa ni nyumba ya watu wengi, na baadhi yao ni wadogo wasioweza kusema. Gaweni mirathi mapema. Kuchelewa si heshima kwa marehemu.

Tano, shaurianeni, na aliye mbali asikilizwe kama aliye karibu. Mwenye kutoa zaidi hana haki ya kuamua peke yake, na mwenye kutoa kidogo hana haki ya kumdharau anayetoa.

Leo ukipanda ngazi ile utaona vidato vinne vipya vyekundu chini, na 12 vya zamani vyeusi juu yake. Havifanani hata kidogo. Ukuta una chokaa isiyong'ara. Wageni wengine huuliza lini tutamaliza kazi, nasi tunakiri kuwa mwanzo tuliona haya kidogo. Mama haoni haya. Hupanda mkono wake ukiwa kwenye kishikio, akileta takbiri kwa kila kidato, na akishuka huleta tasbihi, kama alivyopokea Jabir bin Abdillah (R.A) kuwa masahaba walifanya hivyo safarini walipopanda na waliposhuka. Tunamsikia tukiwa chini, na tunahesabu pamoja naye mpaka 16.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atukinge na mali ya yatima. Wabillahi tawfiq.